Aliyekuja Kumchukua Sinaneno

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, alfajiri, mtu yule aliposimama nje ya ua wangu. Najua kwa kuwa nilikuwa nimetoka kusali na saa yangu ya mfukoni ilikuwa mkononi, naitia ufunguo kama kila asubuhi. Nayasema haya mapema usije ukadhani nilikuwa usingizini au nina homa. Mimi si mtu wa kusimulia mizimu. Nilijifunza kusoma peke yangu, na kitu nisichokipima sikiandiki. Hiki nilikipima.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya Majimaji, wakati wa masika, mpunga unaanza kuchanua. Kazi yangu hapa Kibiti ilikuwa mbwa. Usicheke. Nguruwe wa mwitu hawajui kuna vita, na mwaka ule nani alikuwa na chakula cha kuwaachia? Kila mwenye shamba alitaka mbwa wa kulinda. Mbwa aliyeshindikana aliletwa kwangu: mwizi wa mayai, anayebwekea mwezi, anayewakimbia nguruwe. Nilimweka katika ua ulio mbali na nyumba, nikamrekebisha taratibu, kisha nikamtafutia bwana mpya. Mate yake yakinigusa, niliosha mara saba, moja kwa udongo, kama sheria yetu inavyotaka. Kwa hiyo chungu cha maji na udongo safi havikukosekana mlangoni mwa ua.

Mbwa Sinaneno aliletwa na Bi Tatu, mwanamke wa mabondeni. Jina lake Sinaneno, lakini alikuwa na neno na kila mwanamume. Mfaume, mume wa Bi Tatu, ambaye sikuwahi kumwona, alikwenda vitani huko milima ya Umatumbi, amepewa dawa ya maji, na hakurudi. Tangu hapo mbwa hakumruhusu mwanamume yeyote kukanyaga ngazi ya dungu, kile kibanda cha juu ya miti tunacholindia mpunga. Alimng'ata shemeji mtu, akamng'ata na mlinzi wa kukodi.

"Nichukulie, fundi," Bi Tatu aliniambia. "Nikibaki naye sipati mlinzi, nguruwe watamaliza mpunga, na wanangu watakula nini? Lakini usimwue."

"Na Mfaume?"

"Mfaume! Ndugu zake wanasema yu hai, nisikae eda. Wengine wanasema fisi wamemla porini. Mimi ni mke wa mtu au mjane? Niambie wewe unayesoma."

Nikapokea kamba ya mbwa.

Nilikaa na mbwa yule mwezi mzima. Nilijaribu njaa, nikajaribu nyama, nikajaribu upole. Nilichopata ni makovu. Mwishowe mnyapara wa shamba moja la pamba, njia ya Ruaruke, akasema mbwa mkali ndiye anayemtaka. Akalipa kabisa, akaahidi kutuma mtu asubuhi.

Basi alfajiri ile nilipomwona mtu, nilijua ni mtu wa mnyapara. Mvua ilikuwa imepumzika siku kadhaa, lakini shuka lake lilichuruzika maji. Nikadhani amekatiza bondeni. Wewe ungedhani nini? Hakuamkia. Alipiga ulimi mara mbili, basi. Na Sinaneno, ambaye hakuwahi kunisogelea bila kunionyesha meno, akamwendea akitambaa kwa tumbo, akamlamba viganja vyote viwili.

Nikamfungua kamba. "Osha mikono," nikamwambia yule mtu. "Maji yale pale, udongo ule pale."

Akakitazama chungu, akarudi nyuma hatua moja.

"Maji yalinitosha, fundi," akasema. "Na udongo ninao."

Akaenda zake, mbwa nyuma ya kisigino chake. Niamini, sikuona ajabu yoyote wakati ule. Niliona utovu wa adabu tu.

Jua lilipopanda akaja mtu mwingine, mnene, ana kamba begani.

"Nipe mbwa wa mnyapara, nina safari."

"Mwenzio ameshamchukua."

"Mwenzangu yupi? Nimetumwa peke yangu." Akaangua kicheko. "Fundi, umemuuza mbwa mmoja mara mbili! Na kusoma kwako kote huko!"

"Si mtu wenu? Mbwa alimlamba viganja."

"Basi si wetu. Kwa mnyapara hakuna mtu anayependwa na mbwa."

Tukafuata nyayo. Tope la bondeni lilikuwa bado laini, kila kitu kinasomeka: mguu wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho. Nyayo zilitupeleka hadi shamba la Bi Tatu, naye alikuwa pale akifukuza ndege. Za mbwa ziliishia chini ya ngazi ya dungu, mahali nyasi zimelala kana kwamba mnyama amejikunja hapo. Nikaweka mkono. Pana joto. Mbwa hayupo. Za mtu zilipanda ngazi, tope kwenye kila kipandio. Za kushuka hazikuwepo.

Yule mnene akapanda. "Hakuna mtu," akasema kutoka juu, na hakuwa anacheka tena. "Ila mkeka umelowa."

Bi Tatu alipiga magoti, akaweka kidole penye pengo la unyayo. "Jembe lilimkata mwaka tuliooana," akasema. Kisha akanigeukia. "Alisemaje?"

Nikamwambia neno kwa neno.

"Udongo anao?"

"Ndivyo alivyosema."

Akaketi palepale topeni. Nilidhani atapiga ukelele, akashusha pumzi. "Basi kuna aliyemzika," akasema. "Fisi hawakumpata."

Siku ileile aliingia eda. Ndugu za mume walibisha: tangu lini mbwa akawa shahidi? Mwalimu wa chuo cha Kurani akawajibu kwamba yeye hamsikilizi mbwa, anamsikiliza mke aliyeutambua unyayo wa mumewe.

Mpunga ukabaki bila mlinzi. Nilikwenda kuukagua mara nyingi. Nguruwe waliparua mashamba ya kulia na ya kushoto. Kwa Bi Tatu nyayo zao zilifika ukingoni, zikageuka. Majirani wanasema walisikia kubweka. Mimi sikusikia, kwa hiyo siliandiki hilo kama langu. Nilichokiona ni kwamba wanawe walikula wali mwaka ambao sisi wengine tulikuwa porini tunachimba mizizi ya ming'oko.

Nawe ukikabidhiwa mbwa wa mtu aliyepotea, usiwe na haraka ya kumtafutia bwana mpya. Na akija wa kumchukua, mwonyeshe maji kabla hujafungua kamba, umtazame atafanya nini.

Mnyapara nilimrudishia fedha yake yote, na chakula cha mbwa cha mwezi mzima hakuna aliyenilipa. Hesabu ya Sinaneno niliifunga hivi: hasara, rupia mbili na nusu.