Alama za Chaki Sakafuni

Siku yangu ya kwanza kazini, bosi wangu, mchoraji wa mabango mjini Nakuru, hakunipa brashi. Alinipa chaki. Kijana mmoja alikuwa amesimama achorwe kwa bango la kinyozi. "Zungushia miguu yake," bosi akaniambia. "Akienda kunywa chai, arudi hapo hapo." Nilinuna. Nilidhani nimekuja kujifunza rangi.

Chaki hiyo nilienda nayo hadi Njoro, nilikoajiriwa kufundisha uchoraji chuoni. Mkuu wa idara, mama asiyependa mzaha, alipita darasani akisema, "Anzeni na miguu. Uso unadanganya." Nilimwona msumbufu tu, lakini hadi nastaafu sikuwahi kuanza na uso.

Modeli, yaani mtu anayetulia ili achorwe, nilikuwa nao wengi. Ila nikifumba macho namwona Chebet wa mtaa wa Rhonda, Nakuru. Alikuwa amemaliza shule na alijifunza baleti katika ukumbi wa kanisa, ile ngoma ya kusimama kwa ncha za vidole. Viatu vyake vilikuwa vimeshonwa kwa uzi wa gunia, na malipo ya kuchorwa ndiyo yaliyogharamia masomo ya baleti. Alasiri, katika chumba changu cha kuchorea nyumbani Nakuru, jua likiingia dirishani, vumbi la chaki likielea, aliinuka taratibu akatulia huko juu, nami nikasahau kwamba nina brashi mkononi. Nilimpenda kama binti yangu.

Mama yake, muuza mboga, alikuwa ameamua aende Kuresoi kwa mjomba wake kuvuna viazi. Angeenda, baleti ingeishia hapo. Siku moja mama huyo akaja mwenyewe, Chebet akiwa bado hajafika.

"Mzee, mtoto wangu hufanya nini hapa?"

"Husimama tu, mama."

"Kusimama nayo ni kazi?"

Picha hakuitazama sana. Aliona sakafuni viduara viwili vya chaki, vidogo kama vifuniko vya soda.

"Na hizi ni nini?"

"Ndipo anaposimama."

"Wacha mchezo. Chebet ana miguu mikubwa."

"Ni vidole tu vinavyogusa chini."

Alivua ndala. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka. Alishika ukuta, akaweka vidole kwenye viduara, akajiinua, akaanguka kwa visigino. Akajaribu tena. Kisha akabaki amesimama pale, machozi yakimtoka.

"Hukaa hapo juu mpaka lini?"

"Mpaka nimwambie ashuke."

"Basi mjomba atavuna viazi vyake mwenyewe."

Sasa mikono yangu inatetemeka, sichori tena. Chebet anacheza Nairobi, na akija Nakuru hupita kunisalimu. Anayenisafishia nyumba nimemkataza kupiga deki pale dirishani. Viduara vya Chebet bado vipo, na kuvizunguka kuna miguu miwili mizima, mipana, ya mama yake. Niliizungushia chaki siku ile, kabla hajavaa ndala.