Kinu Kilichoficha Ndondi

Juzi, pale uwanja wa Amani, walipokelewa vijana wetu waliorudi na medali kutoka mashindano ya kimataifa ya ndondi za ridhaa. Maua, ngoma, hotuba. Na nani, mwenzangu, alikaa safu ya mbele akipiga vigelegele? Yule jirani yetu wa Jang'ombe! Nilipomwona nyongo ilinipanda.

Labda umesahau kwamba tulipokuwa wadogo ndondi zilikuwa marufuku hapa Unguja. Kakangu alijifunzia uani kwetu kila alasiri, gunia lililoshindiliwa makumbi ya nazi likining'inia kwenye boriti ya jiko. Vishindo vya makonde vilifika mpaka uchochoroni, basi bibi akabuni dawa: kaka akianza kupiga, naye anakamata mchi anatwanga. Kinuni mlikuwa na majani makavu tu. Mimi nilikaa kizingitini nikipepeta mchele, moshi wa makumbi ukiniwasha macho, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena.

"Akikuuliza mtu," bibi alizoea kuniambia, "mwambie natwanga kisamvu."

Hapo ndipo alipokosea. Mtaani kwetu chakula kilikuwa cha kupelekeana. Ukitwanga kisamvu, jirani anangoja sahani yake. Yule jirani yetu alingoja, akangoja, mwisho akaja kusimama mlangoni, macho yakipekua uani.

"Bi mkubwa, kisamvu gani hicho kinatwangwa kila siku, sahani hatuioni?"

Bibi alibabaika, na kaka bado alikuwa na glavu mikononi. Yule mama aliziona. Alikwenda moja kwa moja kwa sheha, mkuu wa mtaa wetu.

Kaka alikuwa avuke kwenda Dar es Salaam wiki ileile, kwenye mchujo wa timu ya kwenda mashindano kama hayahaya. Sheha alikuja na watu wake wakalipasua gunia, wakachukua glavu, na baba akaapishwa kwamba mwanawe hatatoka. Boti iliondoka bila yeye. Timu ilikwenda, ikarudi na medali ya shaba, na aliyeivaa ni kijana wa Dar aliyekuwa akija likizo mtaani kwetu, ambaye kaka alimshinda kila walipopimana pale uani.

Sasa kaka anabeba masanduku ya wageni kwenye hoteli za Kendwa. Uani pamejengwa vyumba vya kupangisha. Bibi hayupo, na hakuna anayejua kinu kilikokwenda.

Basi juzi mshereheshaji akawaomba mabondia wa zamani wasimame wapigiwe makofi. Yule mama akageuka, akamtazama kakangu aliyekaa nami safu ya nyuma, anacheka.

"Simama basi, mwanangu. Na wewe si ulikuwa ukicheza?"

Mwanangu!

"Mie?" kaka akamjibu kwa upole. "Mie sijapata kupanda ulingoni, mama."

Wakasimama wengine, makofi yakapigwa. Kaka alibaki amekaa, mikono kaibana mapajani. Watu wananiambia yameshapita, nimsamehe yule mama. Sitaki.