Jibu Ambalo Edinah Aliwapa Wazee

Edinah alikuwa mtu wa kicheko, jamani, hata ng'ombe wake walimjua kwa kicheko hicho. Mngemwona akichuma chai kule upande wa Sotik msingedhani kuna kitu kinamla moyoni. Ngoja niwaeleze polepole.

Baba yake aliuawa na saratani ya umio, ile njia inayoteremsha chakula tumboni. Nyanya yake alitangulia hivyo hivyo: kwanza ugali ulikataa kushuka, halafu uji, mwisho hata maji. Edinah akaamini ugonjwa uko kwenye damu yao. Kwa hivyo mwaka wa 1975, wazee wa kijana mmoja, Weldon, walipokuja kumposa, naye akaitwa aulizwe kama amekubali, alisema, "Sitaki." Sababu hakutoa. Edinah alimpenda sana Weldon, lakini hakutaka kuzaa watoto waje wafe na njaa chakula kikiwa mezani. Hakuolewa na mwingine.

Ndugu yake Kipngeno hakuogopa kitu. Alioa, akazaa, akajaza nyumba. Kisha mwaka wa 1998 naye akaanza kukwamwa na chakula. Edinah akampeleka hospitali. Daktari Nyamwange, mama mpole, alikata kipande cha uvimbe, akaomba ruhusa kingine kiende kwa watafiti.

"Wanatafuta nini?" Edinah akauliza. "Si ni damu yetu tu?"

"Si lazima, mama. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna maagizo tunayorithi. Mengine kazi yao ni kuzuia chembe zisizaane ovyo. Sasa watafiti wameona kwamba kwenye uvimbe, agizo kama hilo linaweza kuwepo, halina kosa, lakini limebandikwa alama za kemikali, zinaitwa methili. Likishabandikwa, chembe hailisomi. Na nyingi za alama hizo mtu hazaliwi nazo. Zinaingia akiwa anaishi."

"Zinaletwa na nini?"

"Hapo bado tunauliza."

"Na mtoto wangu, kama ningezaa, angeugua?"

"Siwezi kuapa, mama. Lakini hata wewe huwezi kuapa kwamba angeugua."

Kipngeno, pale kitandani, akacheka kwa sauti iliyokwaruza. "Unasikia, dada? Na vile ulikuwa unaninunia kila bibi yangu akijifungua!"

Edinah hakucheka.

Walipokwisha kumzika Kipngeno, Edinah alikutana na Weldon kwenye foleni ya kupimia majani chai, kichwa kimejaa mvi. Akamweleza yote palepale. Weldon akashusha kikapu.

"Miaka hii yote nilijua ni kwa sababu shamba letu lilikuwa dogo."

"Hapana, Weldon."

"Ungeniambia. Ningekuja peke yangu, bila wazee, tuongee."

"Niliogopa ungenibembeleza."

"Ningekubembeleza, ndiyo."

Karani wa mizani akaita jina la Weldon. Akainua kikapu chake, akaenda. Edinah akabaki amesimama palepale, watu waliokuwa nyuma wakampita mmoja baada ya mwingine.