Chungu Kilichokaa Hakisemi

Enzi zetu, sisi tuliokulia mtaa wa Gerezani, Kariakoo, mtoto alijua adhuhuri imefika kwa kunyamaza kwa nyundo. Mafundi wakienda kuswali na kula, mtaa mzima ulibaki na sauti ya mihogo ikikaangwa, nasi tukatoka na gololi zetu. Zetu hazikuwa za kioo. Zilikuwa za chuma, baba alizitoa kwenye beringi zilizochoka, na watoto wa mitaa mingine walikataa kucheza nasi kwa sababu zilipasua za kwao. Tulikula mihogo kwa chumvi na pilipili, vidole vikinuka grisi, na hakuna aliyeugua, au aliyeugua hakusema. Wasichana tulijivika bangili za maranda ya chuma yaliyojikunja kama nywele, yakatuchana mikono, tukaenda nayo shuleni hivyo hivyo, mwalimu akatuchapa kwa urembo.

Maranda hayo yalitoka kwenye mashine ya baba ya kukereza vyuma, iliyokuwa uani chini ya bati. Ilipozunguka, vikombe vya mama vilitetemeka kabatini. Mama alikuwa akisema yeye ni mke wa pili, wa kwanza ni wa chuma na ndiye anayepakwa mafuta kila asubuhi.

Leo mke huyo wa kwanza yuko uani kwa vipande. Baba aliifungua mashine mwenyewe ili aifufue, akaweka gia kwenye ndoo na bolti kwenye makopo ya maziwa. "Kufungua ni kazi ya mikono," alizoea kusema, "kufunga ni kazi ya moyo." Na moyo ndio uliomwangusha kabla hajaanza kufunga.

Sasa nyumba inabomolewa. Panapanda ghorofa, kama zilivyopanda pande zote za Kariakoo, na ua unatakiwa uwe mweupe ifikapo Ijumaa. Mashine baba alituachia mimi na mdogo wangu Idi kwa pamoja, maana yake hakuna anayeweza kuamua peke yake na hakuna anayepata usingizi. Idi alifundishwa kazi na baba, na amepata kibanda Ilala chenye umeme wa kutosha. Mashine ikifufuka, ana karakana yake. Ikiwa haifai, itauzwa kwa kilo kama kabichi, naye ataendesha bodaboda, na mimi nitakuwa nikishtuka kila simu inapolia.

Sikuogopa gia wala bolti. Niliogopa kitanda, ndivyo baba alivyoiita ile boriti nzito ya chuma ambayo kila kitu cha mashine hukaa juu yake. "Viungo vinanunuliwa," alituambia, "mgongo haununuliwi." Kitanda kikiwa na ufa, mashine itakereza vitu vilivyopinda mpaka kiama. Na chini ya rangi na grisi ya miaka yote ile, ufa nani atauona?

Idi alikigonga kwa nyundo, kikatoa sauti ya gunia la unga. Hakuniuliza. Akampigia Mangi, mnunuzi wa vyuma chakavu, na nilipofika uani nikamkuta tayari anatafuta pa kutundika mizani.

"Dada, pole na kuhama."

"Nimeshapoa, Mangi. Umekuja na mizani ya kununulia au ya kuuzia?"

"Mimi nina mizani moja tu."

"Ndiyo hiyo ninayoiogopa."

Akacheka, akafuta mikono. "Idi kaniambia imekufa. Na maiti haikawizwi, dada."

Nikamgeukia Idi. "Nani kakuambia imekufa?"

"Nimekigonga kitanda. Hakikulia."

Nikakitazama. Kilikuwa kimelala kifudifudi juu ya matairi mabovu na magunia ya mchanga, kama mgonjwa aliyepangiwa mito. Na ghafla nikamkumbuka mama, sokoni, tukimfuata nyuma na kikapu.

Mama hakununua chungu kwa macho. Alikiinua kwa vidole vya mkono wa kushoto, kikaning'inia kama taa, akakigonga kwa kifundo cha kidole cha mkono wa pili, akatega sikio. Kilicho kizima kililia kama kengele. Chenye ufa kilikohoa. Wauza vyungu walimchukia. "Mama, si ukigonge hapo hapo kilipo?" Naye, bila kuwatazama: "Chungu kilichokaa hakisemi. Hapo inasema ardhi." Tukirudi nyumbani tulimkuta baba amening'iniza kipande cha chuma kwa waya, anakigonga vile vile, na jioni nzima wakabishana nani kamfundisha mwenzake.

"Idi, ulikigonga kikiwa hapo hapo?"

"Sasa nikigongee wapi, dada? Angani?"

"Ndiyo."

Walitafuta jeki na mbao mbili. Mangi naye alivua shati la juu akasaidia kunyanyua, si kwa wema, alitaka yaishe apime. Matairi yakaondolewa, magunia yakavutwa, kitanda kikabaki juu ya mbao, hewa inapita chini yake. Mpaka hapo nilikuwa naweza kumlaumu Idi na haraka zake. Kikikohoa sasa, nitamlaumu nani?

Idi akagonga mwisho mmoja. Kikalia. Akasogea, akagonga, kikalia. Katikati mkono ukasita, nikajua kwa nini. Mtu akishasema kitu kimekufa, ni vigumu kukiuliza tena.

Akagonga.

Sauti ilitoka ndefu na nyembamba, ikapita ua, ikaingia ndani ambako kabati halina tena vikombe vya kutetemeka.

"Rudia," nikasema.

"Kimelia, dada."

"Rudia. Hata chenji ninayoitoa mimi mwenyewe huwa naihesabu mara mbili."

Akarudia. Kikalia tena. Mangi akavaa shati lake taratibu. "Basi niuzieni hiyo ndoo."

"Ndoo ina gia, Mangi."

"Kumbe leo nimeitwa kwenye ngoma."

Watoto wa siku hizi nao wanagonga, tena kutwa nzima, ila wanagonga kioo cha simu. Binti yangu amenunua sufuria kwa picha. Nikamuuliza kama aliigonga, akanitazama kama ninayehitaji kupelekwa hospitali. Sisi tulilelewa tusiamini kitu mpaka kijibu, na labda ndiyo maana tumezeeka na wasiwasi.

Maana nilidhani kikilia hofu itaisha. Imebadilika tu. Kilichokufa hakidai. Kizima kinadai beringi, mafuta, umeme, na mtu wa kukiinamia kila siku, na Idi hajawahi kuinama bila baba pembeni yake. Wale wawili waliokuwa wakibishana jioni hawapo, na mimi ninachojua ni kusikiliza tu.

Kesho kitanda kinapelekwa Ilala kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Nimemwambia Idi asikilaze juu ya tairi. Akifunge kwa kamba juu ya mbao mbili, ili kila shimo la barabarani likigonge, nami nitakaa mbele na dereva, kioo kimeshushwa, nisikie kama bado kinajibu.