Vijiti vya Mkuyu

Juzi huko Diani niliona mkuyu mdogo ndani ya chungu, nikamkumbuka dada yangu Mwanasha. Kwetu Munje tulipanda vijiti viwili vya mkuyu katika makopo. Kimoja tulikimwagilia kwa juu, kingine tulikisimamisha ndani ya beseni la maji. Cha beseni kilioza kikanuka, cha kumwagiliwa kikachipua.

Kisha homa ikamuua dada. Kutoka uani niliwaona wanaume wakimimina maji juu ya kaburi lake. Sikujua kuwa ni desturi ya maziko.

Kesho yake alasiri mama alinikuta pale na kopo.

"Wafanyani, mwanangu?"

"Nammwagilia dada, aote."

Mama alikaa mchangani. Siku ya maziko hakulia. Siku hiyo alilia mpaka majirani wakaja.