Wakimbizi wa Nyumba ya Magogo

Juzi mwalimu wa sanaa alifungua mfuko wa udongo mbichi, na ile harufu, ya mvua iliyolala chini ya nyasi, ikanichukua. Wenzangu wakaanza kufinyanga vikombe. Mimi nikafumba macho, na mwalimu, maskini, akadhani nimepata maono ya kisanii. Wapi! Nilikuwa nimerudi shambani, nina miaka minane, natafsiri uongo.

Nikuambieni. Mwaka ule tulikuwa wageni ughaibuni, jijini Louisville, kwenye apatimenti ya mtaa wa Newburg yenye kapeti rangi ya uji. Tate, ndivyo tunavyomwita mama yake baba, alikuwa amekaa dirishani tangu tufike. Kule Kivu alilima, akakandika nyumba tatu kwa mikono yake. Hapa jiko liliwaka kwa kubonyeza na vumbi lilimezwa na mashine. Akapunguza kula, kisha akapunguza kusema. Baba, kabla ya kwenda zamu, alikuwa akininong'oneza: "Muchekeshe Tate yako." Nilijaribu kila kitu. Nilimwigizia hata pasta akipiga chafya katikati ya maombi. Hakugeuka kutoka dirishani.

Jumamosi moja kanisa likatupeleka kwa basi hadi shamba la ng'ombe la mzee mmoja mzungu, muumini mwenzetu, mwenye kofia ya majani. Ukungu ulikuwa bado umelala malishoni, na ng'ombe walionekana vichwa tu, kama wanaogelea kwenye maziwa yao wenyewe. Katikati ilisimama nyumba ya magogo, nyeusi kwa moshi wa miaka na miaka, na kati ya gogo na gogo mlikuwa na udongo uliochanganywa na nyasi kavu. Siku hiyo mzee alikuwa anaziba nyufa. Akaweka mwiko chini, akatueleza kwa fahari kwamba nyumba ilijengwa na babu wa babu yake, "settler" wa kwanza wa bonde lile.

Baba na Tate wakanigeukia, maana mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa familia. "Settler" sikumjua, ila nilimjua binamu yake, "resettlement": ile ofisi ya wakimbizi iliyotupokea uwanja wa ndege na mablanketi na kuku wa baridi. Nikapiga hesabu yangu, nikatangaza:

"Anasema babu zake balikuwa bakimbizi."

Tate aligeuka. "Bakimbizi? Maskini. Balikimbia vita gani?"

Sikuthubutu kuuliza. "Ya zamani," nikajibu.

Akausogelea ukuta, akabonyeza udongo kwa kidole gumba. Ukadondoka. Uso wake ukabadilika, nikajua kuna mtu atagombezwa.

"Bon. Ambia huyu muzee aache. Udongo haina maji, haina mavi ya ng'ombe. Itapasuka tu. Na mavi iko hapa mingi, anaangaliaka nini?"

Nikatafsiri, isipokuwa ile ya mwisho. Mzee akacheka, akampa ndoo. Tate akavua viatu.

Sijui tulikaa pale muda gani. Nakumbuka jua likipanda polepole, nyayo zake zikikanda, plap, plap, na viganja vyake vikipita kati ya magogo kama anayempaka mtoto mafuta. Alikuwa anaimba kwa chini. Mzee alimfuata na ndoo kama mwanafunzi.

"Si vile, we baba! Kandamiza, usipapase!"

Mzee alielewa bila mimi kutafsiri. Kwenye basi Tate alikula mandazi matatu, na baba akajifanya anaangalia nje.

Tangu hapo kila masika mzee huja kumchukua wakazibe nyufa. Nami nilitembea kifua mbele miaka mingi, nikiamini kosa langu ndilo lililomponya. Kisha somo la historia likanifundisha maana ya neno lile, mlowezi, na kwamba bonde lilikuwa na wenyewe kabla ya walowezi, nao ndio waliokimbia. Nikaona aibu. Mwaka jana nikaungama: Tate, wale hawakuwa wakimbizi.

Hakuinua hata kichwa kutoka kwenye sombe, majani ya muhogo aliyokuwa anatwanga. "Nilijua. Mukimbizi gani iko na ng'ombe mingi vile?"

"Sasa ulimusaidia juu ya nini?"

"Ukuta ilikuwa inapasuka, we mutoto."

Na mimi mwaka ule mzima nilikuwa nimehangaika kumtafutia maneno ya kumchekesha!

Nilipofumbua macho darasani, udongo wangu ulikuwa umeanza kukauka. Nikaongeza maji, nikakanda kwa kiganja, bila kupapasa. Mavi ya ng'ombe, kwa bahati ya wenzangu, hayakuwepo.