Vidonge vya Mgeni wa Sista

Nakumbuka mvua moja ya mawe, kabla sijamjua mtu yeyote wa dawa. Nilikuwa darasa la tatu hapa Kiptere, mwalimu anatufundisha kujumlisha. Mawe yalipiga bati mpaka tukaacha kumsikia. Tulipotoka, chai yote ya shamba letu ilikuwa chini kama imekatwa kwa panga, na baba akasema hakuna karo, shule basi. Ndiyo elimu yangu yote hiyo, mwanangu, usinicheke. Lakini tangu hapo nikawa mtu wa kupenda bati nzuri, na hizo bati ndizo zinazonileta kwa habari yenyewe.

Miaka ya tisini nilikuwa nafagia na kuchemsha sindano kwa kliniki ya Sista Rebeka, pale Litein. Alikuwa nesi wa hospitali miaka mingi, akastaafu, akafungua yake. Alikuwa na mkono mwepesi, mtoto anadungwa bado anacheka. Basi akaja kijana wa tai kutoka Nakuru, anatembeza dawa za kampuni. Alileta kalenda na saa ya ukuta, na mimi akanipa koti jeupe kama la daktari. Sista akampeleka nyumbani, mama yake akamfungulia kibuyu cha mursik. Hapo ndipo tulipokosea. Kwetu, mtu akishakunywa maziwa ya kibuyu chako si mchuuzi tena, ni wa nyumba. Utamwambiaje wa nyumba kwamba vidonge vyake ni ghali? Mwezi uliofuata akaleta bati za baraza ya kliniki. Nilizipigilia misumari mwenyewe, nikiimba.

Kutoka siku hiyo dawa ya zamani, ile ya bei ya chini, ikasukumwa nyuma ya kabati. Wagonjwa kwa laini waliniuliza, "Wewe wa koti, gani inaponya?" Nikasema ile mpya. Mimi, ambaye nilikuwa nasoma jina la dawa kwa kuangalia rangi ya boksi.

Ndipo mjomba wangu akamleta mke wake, ana kichomi. Sista akamwandikia vidonge vya mgeni. Mjomba akauza kondoo, pesa ikatosha nusu tu. Akaniuliza pale mlangoni kama nusu itafanya kazi.

"Mjomba, dawa ya nguvu namna hii, nusu yake ni kama nzima ya ile ingine."

Maneno hayo hakuna aliyenifundisha, niliyatoa kwa kichwa changu. Wiki mbili hazikuisha, tukamzika mke wa mjomba.

Mjomba akarudi. Alipewa kiti, hakuketi.

"Sista, kulikuwa na dawa ingine?"

"Mzee, kila mtu ana siku yake."

"Sijauliza siku. Nimeuliza dawa."

Sista alipanga karatasi zake, akazipanga tena. "Ilikuwepo."

"Ya bei gani?"

"Ungeuza kuku tu, mzee."

Akanigeukia. "Na wewe, mtoto wa dada yangu, ulijua?"

"Nilijua, mjomba."

"Hilo koti linakukaa vizuri," akasema.

Mwanangu, wewe unaenda chuo cha unesi, na hao watu wa dawa bado wako, wamebadilisha mifuko tu. Akija mmoja, mpe kiti, mpe chai, lakini kabati lako asilijue. Chochote anachokuletea, mrudishie akiwa bado mlangoni. Siku utakapoona haya kumkatalia, jua ameshakununua. Na kama kuna dawa ya bei rahisi inayoponya, mwambie mgonjwa kabla hajauliza, kwa sababu wengi hawajui kuuliza. Sista hakuwa mwizi, nakuambia ukweli. Alimheshimu mgeni kuliko mgonjwa, na mimi nikamsaidia. Mungu akupe mkono kama wa Sista, na akupe mdomo wa kukataa, ambao sisi wawili hatukuwa nao.

Siku ile, baada ya neno lake la koti, mjomba alivaa kofia, akashuka ngazi, akashika barabara ya kwao. Sikumwita. Mlango wa kliniki hakuukanyaga tena, wala wangu, mpaka alipokufa.